Eti "NEWS" kirefu chake ni North, East, West, South? Wajuvi wa Kiingereza njooni

#1 Baba Nuru
Wakuu, salaam.

Jana usiku umeme ulipokatika nilikaa na tochi ya simu nikipitia daftari la Kiingereza la binti yangu, yuko darasa la sita. Nikakuta swali: "What is NEWS?" Mtoto kajibu, kwa mwandiko wake ule wa kulala kushoto, "New things that people tell each other." Mwalimu kapiga kosa kubwa la wino mwekundu, na pembeni kaandika: North, East, West, South. Sifuri kati ya mbili.

Mimi ni fundi wa friji, lugha sikusomea. Hilo la pande nne nililikariri mwaka 1994 nikiwa na umri kama wa binti yangu, na nimewahi hata kushinda soda kwa kulibishania. Ila jibu la mtoto limenikaa kichwani. "New" ni mpya, "news" ni mapya. Mbona limekaa sawa kuliko la kwetu?

Kabla sijaenda shuleni kumwona mwalimu nataka niwe na hakika. Nani kakosea hapa? Na kama ni kifupisho kweli, nani alikitunga na lini?

#2 Nyuki Dume
Mwalimu yuko sahihi, mtoto aongeze bidii. Habari zinatoka kaskazini, mashariki, magharibi na kusini, na herufi zimejipanga zenyewe. Uzi ufungwe.

#3 Mjukuu wa Chifu
Tena si hilo tu. GOLF ni Gentlemen Only, Ladies Forbidden. POSH ni Port Out, Starboard Home. WIFE ni Washing, Ironing, Food, Etc. Kiingereza kizima ni vifupisho, wenyewe hawapendi kupoteza muda.

#4 Mwalimu Mstaafu
Baba Nuru, mpe mwanao maksi zake mbili leo hii.

Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 31, na kwa miaka kama kumi ya mwanzo niliandika hilo la pande nne ubaoni kwa mkono wangu. Niliowafundisha wakati huo kama mko humu, futeni.

"News" ni "new" iliyowekwa katika wingi. Waingereza walianza kuitumia hivyo mwishoni mwa zama za kati, kwa kufuata mtindo wa Kifaransa, maana Wafaransa walikuwa na "nouvelles", yaani mambo mapya. Katika maandishi ya zamani utaikuta imeandikwa "newes", mahali pengine "newis". Sasa kama kila herufi ni upande wa dunia, hiyo "newes" ina mashariki mbili?

Halafu tazama muda. Mtindo wa kuchukua herufi za mwanzo za maneno, ukaziunganisha na kuzitamka kama neno moja, umeshamiri karne ya 20. Hata neno lenyewe "acronym" limeanza kuandikwa kwa Kiingereza miaka ya 1940. Rada ni kifupisho cha kweli, ni jina la jeshi la majini la Marekani la mwaka 1940. Leza nayo ni kifupisho cha kweli. Lakini neno lililokuwa vinywani mwa watu kabla hata ya Vasco da Gama kupita Malindi, ukiambiwa ni kifupisho, shtuka kwanza.

#5 Nyuki Dume
Mwalimu, heshima yako, lakini hoja ya tahajia haina nguvu. Enzi hizo kila mtu aliandika alivyosikia. Shakespeare mwenyewe jina lake liliandikwa kwa namna nyingi, na hata sahihi zake hazifanani. Hiyo E ya ziada inaweza kuwa mbwembwe za mwandishi tu. Na nimesikia magazeti ya kale yalichorwa dira pale juu, kando ya jina. Dira ya nini kama si pande nne?

#6 Mswahili wa Rotterdam
Nyuki Dume, ngoja nikupe mfano wa huku ninakoishi. Waholanzi habari wanaziita "nieuws". Sasa pande zao za dunia ni hizi: noord, oost, west, zuid. Ziunganishe herufi za mwanzo uone kama unapata "nieuws". Unapata NOWZ.

Wajerumani nao wana "Neues", yaani jambo jipya. Ukimwuliza mtu "Was gibt's Neues?" umemwuliza kuna habari gani. Pande zao ni Nord, Ost, West, Süd. Ndugu wawili hawa wa Kiingereza wametoka kwenye "mpya" bila dira yoyote, halafu Kiingereza peke yake kiende kwa mabaharia?

Dira juu ya gazeti ni pambo. Mtu aliona herufi zinalingana akapenda.

#7 binti_makunduchi
Kwani nyinyi mkikutana barazani hamuulizani "kuna jipya?" au "lete mapya"? Hiyo ndiyo "news" yenyewe, tena kwa Kiswahili. Mtoto wa Baba Nuru kafikiri Kizanzibari.

#8 Baba Nuru
#7 umenikosha. Nimemsomea, kacheka mpaka kakohoa.

#9 Nyuki Dume
Hilo la Uholanzi limenigusa, nakiri. Lakini sasa mkisema ni wingi wa "new", nijibuni hili: kwa nini tunaambiwa "the news IS good" na si "the news ARE good"? Wingi gani huo unaobeba "is"? Kifupisho ndicho kinachukua umoja. Hapo mmekwama.

#10 Mwalimu Mstaafu
Hatujakwama, umeuliza swali zuri kuliko la mwenye uzi.

Zamani walisema wingi kweli. Shakespeare ana "these news" katika tamthilia zake, na mpaka karne ya 19 wapo walioendelea hivyo. Taratibu watu wakaanza kuiona habari kama mzigo mmoja, kitenzi kikahamia umoja, S ikabaki palepale. Leo hii ukiandika "the news are" umekosea, ingawa kwa mizizi ya neno wewe ndiye ungekuwa na haki.

Kwetu hili linatutesa kwa sababu ya "habari". Habari hii, habari hizi, neno halibadiliki, kinachobadilika ni kiambishi tu. Mwanafunzi anafikiri "habari hizi ni njema", mkono unaandika "these news are good". Nimesahihisha sentensi hiyo mpaka kalamu nyekundu zikaisha. Na "a news" pia hakuna. Ni "a piece of news", au useme tu "some news".

#11 Karani wa Zamani
Hiyo "a news" iliniharibia usaili mwaka 2011. Kampuni siitaji. Walinipa karatasi niandike barua ya kumjibu mteja, nikaanza: "We have received a news that your cargo…" Yule mama aliyekuwa katikati ya jopo akaizungushia duara, akanigeuzia karatasi nione. Hakusema neno. Nakumbuka mpaka rangi ya kucha zake. Tangu siku hiyo kila nikiandika "news" naanza kwa kuangalia nyuma yake kama kuna "a" imejificha.

Kosa jingine linalowaangusha wengi ni "borrow me your pen". Nalo linatoka kwetu. Kiswahili kinasema "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu kwa Asha", kitenzi kimoja kinakwenda pande zote mbili. Kiingereza kimegawa: anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Shikeni kwa "kopa" na "kopesha", hapo hamtapotea.

#12 Kedi Mkongwe
Naomba nichangie kwenye GOLF maana huo ndio mkate wangu. Nimebeba mifuko ya wachezaji miaka 17. Hiyo ya "Gentlemen Only" nimeisikia kwa wageni kila wiki, wanacheka wenyewe. Mzee mmoja Mskoti niliyekuwa nambebea ndiye alinikatalia. Aliniambia mwaka 1457 bunge la kwao Scotland lilipiga marufuku gofu pamoja na mpira wa miguu, kwa sababu vijana waliacha mazoezi ya kulenga mishale. Jina lilikuwa hilohilo. Yeye aliamini linatoka kwenye Kiholanzi, "kolf", fimbo ya kupigia. Siku nyingine nikambebea Mskoti mwenzake, akasema si kweli, ni neno la Kiskoti la kupiga dafrau. Waliponikutanisha wote wawili kwenye shimo la tisa walibishana mpaka kundi la nyuma likatupita.

Na sisi "kedi" tumetoka Ufaransa, kwenye "cadet".

#13 Mswahili wa Rotterdam
Kedi, Mskoti wako wa kwanza ana wenzake wengi huku, na wa pili naye hakosi wa kumwunga mkono. "Kolf" ipo kweli kwa Kiholanzi na ni fimbo. Walioandika kamusi nao wanaweka "huenda".

#14 Mama Pendo wa Mbagala
Mjukuu wa Chifu, rudi hapa tumalizane na hiyo WIFE yako. Kufua, kupiga pasi, kupika, na kadhalika. Hiyo "kadhalika" ni nini? Jibu mbele ya watu.

#15 Mjukuu wa Chifu
Shangazi, mimi nimetumiwa tu kwenye grupu la ukoo.

#16 Mwalimu Mstaafu
Mama Pendo, silaha hii hapa. "Wif" kwa Kiingereza cha kale ilikuwa mwanamke yeyote, awe na mume au asiwe naye. Ndiyo iliyozaa "woman", kutoka "wifman". Na ndiyo iliyomo kwenye "midwife", mkunga. "Mid" ya hapo ilikuwa na maana ya "pamoja na". Mkunga ni aliye pamoja na mwanamke anayejifungua. Kwa hiyo neno ni la heshima kubwa, halina ndoo wala pasi ndani yake.

Na "husband" limetoka kwa watu wa kaskazini, Wanorsi: "hus" ni nyumba, "bondi" ni mkaazi, mwenye mji. Kwa hiyo ukimwita mumeo "mwenye nyumba" umemtafsiri neno kwa neno.

#17 Mama Pendo wa Mbagala
Nimeshapeleka kwenye grupu la ukoo wake. Asante Mwalimu.

#18 Baharia wa Likoni
Hamjambo bara. Mimi ni wa melini, nina cheti cha redio. POSH nimeiuliza kwa mabaharia wazee wa Bombay na wa Southampton. Hadithi inasema matajiri wa Uingereza wakienda India walipewa vyumba vya kushoto mwa chombo, wakirudi vya kulia, wakwepe jua, na tiketi ikapigwa mhuri huo. Tatizo ni moja: tiketi yenye mhuri huo haijawahi kuonekana. Hata moja. Meli zilibeba maelfu ya watu, karatasi zimehifadhiwa mpaka menyu za chakula, mhuri usionekane?

Lakini nina kubwa zaidi. SOS mnaijua ni Save Our Souls? Si hivyo. Wajerumani waliichagua 1905, mkutano wa Berlin wa 1906 ukaipitisha, kwa sababu ya mlio wake tu. Nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu, zinafuatana bila pumziko. Hata mtu aliyechoka, redio inakwaruza, dhoruba inapiga, mlio huo hauchanganyiki na mwingine. Hizo roho zetu tumejiwekea baadaye. Kabla yake waliita CQD, nayo watu wakaitungia "Come Quick, Danger". CQ ulikuwa mwito kwa vituo vyote, D ni ya hatari. Titanic mwaka 1912 ilituma zote mbili.

Kwenye sauti tunasema "Mayday" mara tatu. Hiyo haina uhusiano na Mei Mosi. Ni Kifaransa, "m'aidez", nisaidieni. Aliyeipendekeza ni Frederick Mockford, mtu wa redio wa uwanja wa ndege wa Croydon kule London, miaka ya 1920, kwa kuwa ndege nyingi zilikuwa zinakwenda na kurudi Paris, akataka mwito ambao pande zote mbili wataushika. Mwalimu wetu wa kozi alitufanya tuitamke macho tukiwa tumefumba, mara tatu, halafu jina la chombo mara tatu, halafu mahali tulipo. Mpaka leo nikiona vijana wanaandika "mayday mayday" kwa kukosa bando roho inaniuma.

#19 Nyuki Dume
Baharia umenimaliza na SOS. Hiyo nilikuwa tayari kuifia.

Basi nipeni OK. Hiyo lazima si kifupisho, maana kila mtu anasema ni "all correct" na "all correct" ingekuwa AC. Nimejifunza kwenu, sasa nawageuzia.

#20 Mwalimu Mstaafu
Na hapo ndipo utakapoumia tena, Nyuki, maana OK ndiyo iliyo kifupisho.

Boston, miaka ya 1838 na 1839, wahariri wa magazeti walishikwa na mchezo wa kufupisha maneno kwa kuyaandika vibaya makusudi. "All right" wakaigeuza "oll wright", wakaandika OW. "All correct" ikawa "oll korrect", OK. Imeonekana kwenye gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839. Nyingi za aina hiyo zilikufa. OK ikaokolewa na siasa: mwaka uliofuata Rais Martin Van Buren aligombea tena, na kwa kuwa alizaliwa Kinderhook, New York, wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, wakaunda vilabu vya OK. Alishindwa uchaguzi. Kaulimbiu yake ikashinda dunia.

Aliyechimbua yote haya ni mtafiti Allen Walker Read, akayachapisha 1963 na 1964.

#21 Kaka wa Bukavu
Mwalimu, habari za kwako. Ninaishi Marekani sasa mwaka wa tisa, na kwa hili siwezi kunyamaza.

Kuonekana gazetini 1839 ni kuonekana gazetini. Haituambii watu walisema nini kabla ya hapo, hasa watu ambao hakuna mhariri aliyekuwa anawaandika. Kule kusini kulikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu waliotekwa Afrika Magharibi, na Kiwolofu kina "waaw kay", yaani ndiyo, haswa. Mwanaisimu David Dalby alilisemea hilo. Wapo pia wanaosema ni la Wachoctaw, wenyeji wa Marekani, "okeh", na Rais Woodrow Wilson alikuwa akiandika "okeh" kwa sababu aliamini hivyo. Wagiriki nao wana "ola kala", kila kitu chema.

Sisemi Boston ni uongo. Nasema neno linaweza kuzaliwa jikoni, likasikika sebuleni, mwenye sebule akadai mtoto ni wake.

#22 Mwalimu Mstaafu
Kaka wa Bukavu, nakuelewa, na hilo la jikoni limesimama. Lakini uzito wa ushahidi ulioandikwa uko Boston: tunaiona OK ikiwa pamoja na ndugu zake wa mchezo uleule, wiki hadi wiki. Kiwolofu tuna kufanana kwa sauti, hatuna njia iliyopita.

#23 Kaka wa Bukavu
Njia ilipita kwa miguu, Mwalimu, haikuacha karatasi. Kwa hapo tutabaki kila mtu na lake.

#24 binti_makunduchi
Mimi niko Boston kwa ushahidi na niko Dakar kwa moyo.

Ila hebu tuzungumzie AD. Tumefundishwa "After Death", na BC ni "Before Christ". Nilikuwa na miaka 12 nikamwuliza mwalimu: kama BC inaishia Yesu alipozaliwa, na AD inaanza alipokufa, ile miaka thelathini na kitu aliyoishi tunaihesabu wapi? Nikaambiwa nikae chini. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ni Kilatini, "Anno Domini", katika mwaka wa Bwana. Inaanzia kuzaliwa.

#25 Karani wa Zamani
Sisi wenyewe tumeizidisha kwa KK na BK. Kabla ya Kristo, Baada ya Kristo. Hiyo "baada" ndiyo inayompeleka mtoto moja kwa moja kwenye "After".

AM na PM je? Nusu ya ofisi yetu inaamini ni After Midnight na Past Midday. Inatoa jibu sahihi la saa, kwa hiyo hakuna anayehangaika. Ni "ante meridiem" na "post meridiem", kabla na baada ya adhuhuri.

#26 Mjukuu wa Chifu
Xmas? Mchungaji wetu alikataza tusiiandike, alisema tunamfuta Kristo tunaweka X kama ya kupigia kura.

#27 Mwalimu Mstaafu
Hiyo X ni herufi ya Kigiriki, Khi, ndiyo ya kwanza kwenye jina Khristos. Wakristo wenyewe wameitumia karne nyingi. Mwambie kwa adabu, baada ya ibada, siyo katikati.

#28 Mswahili wa Rotterdam
Nimekaa nawaza kwa nini sisi hasa tunaziamini hizi hadithi za virefu. Nadhani ni kwa sababu kwetu virefu ni vya kweli kila siku. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na unatamkwa kama neno la Kibantu lililokomaa. TAKUKURU, BAKITA, TANU. Mtoto anakua akijua neno likiwa halieleweki, uliza kirefu. Akikutana na "news" anauliza kirefu, na mkubwa anaona aibu kusema hakipo.

#29 Kijana wa Lindi
Rotterdam, na tunawatungia hata watu virefu. Mmesikia kwamba "machinga" ni Kiingereza, "marching guys", vijana wanaotembea na bidhaa? Nimeambiwa hivyo usoni, mimi ambaye bibi yangu mzaa mama ni Mmachinga. Wamachinga ni kabila, tuko Lindi, tuna lugha yetu. Vijana wa Lindi na Mtwara walikwenda Dar kuuza mitumba na vyombo mkononi, jina la kabila likawa jina la kazi. Tazameni sarufi basi: mmachinga, wamachinga, kama Mmakonde, Wamakonde.

#30 Nyuki Dume
Kijana wa Lindi, nakuelewa ila usitupe ya "marching" haraka hivyo. Kiswahili kimemeza Kiingereza kwa namna za ajabu. "Keep left" ilikuwa imeandikwa kwenye kibao cha mzunguko wa barabara, leo ni kiplefti, tena kwa wingi utasikia vipilefti. "Man-of-war" ni manowari. "Mudguard" ni madigadi, na watu wakaona hiyo "ma" ni ya wingi, wakasema digadi moja.

#31 Kijana wa Lindi
Sawa, sasa kwa mtindo huohuo "marching guys" iwe nini? Hiyo "guys" imekwenda wapi? Kiplefti imebeba herufi zake zote na irabu juu. Wewe unanidai nusu ya neno ilitumbukia Rufiji.

#32 Nyuki Dume
Yaweza kuwa ilitumbukia. Nitatafuta mahali limeandikwa zamani, nitarudi.

#33 Mama Pendo wa Mbagala
Mimi ninalo ambalo mtagombania baadaye. Kikoba. Kila mtaa una kikoba, wingi vikoba. Nani anajua kirefu?

#34 binti_makunduchi
Kikoba si mkoba mdogo? Wa kuwekea pesa.

#35 Mama Pendo wa Mbagala
Ndivyo hata binti yangu alivyosema. VICOBA, Village Community Bank. Sisi tumeipata kwa C, kwenye karatasi za mafunzo. Ile "vi" ya mwanzo tukaiona ya wingi, tukavuta umoja wake, kikoba kikazaliwa. Hiki ni kifupisho cha kweli, Nyuki Dume, hatimaye umepata chako.

#36 Nyuki Dume
Na sasa mimi ndiye ninayekataa! Mkoba na kikoba vipo kwenye Kiswahili tangu zamani. Neno lilikuwa linangoja mlangoni. Bila mkoba, VICOBA ingebaki herufi tupu kama SACCOS, ambayo hakuna anayesema "sakosi moja, masakosi mawili".

#37 Kedi Mkongwe
Kwetu Arusha tunasema "sakosi yetu". Masakosi sijayasikia.

#38 Baba Nuru
Nimerudi, wakuu. Leo asubuhi nilikwenda shuleni. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi: newes, nouvelles, nieuws, noord oost west zuid. Mwalimu ni kijana mpole, darasa lake lina watoto wengi kuliko viti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua droo, akatoa kitabu cha ziada anachokitumia, kimebandikwa selotepu mgongoni, ukurasa umekunjwa pembe. Ipo hapo, imechapwa: North, East, West, South. Akaniambia, "Baba Nuru, na mimi nilifundishwa hivyo."

Tulisimama pale wote wawili tunakitazama. Mwisho akaomba ile karatasi yangu. Maksi hajabadilisha bado, amesema atasoma kwanza. Nimemkubalia.

Binti sasa anauliza "habari" nayo ina kirefu gani.

#39 Baharia wa Likoni
Mwambie ni Kiarabu, "khabar". Imekuja kwa jahazi.

#40 Mama Pendo wa Mbagala
Jana Jumamosi tulikuwa na kikao cha kikoba chetu, nikawauliza wanachama kirefu cha jina hilo. Tulikuwa 24. Kirefu walikijua wawili, mimi na katibu. Mama mmoja mtu mzima, mwanachama tangu mwanzo, aliniambia hayo ya benki ya kijiji hayajui, kikoba ni mkoba. Akanyosha kidole kwenye sanduku letu la bati, lile la kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu. "Kabla ya hilo sanduku," akasema, "pesa tulizitunza kwenye nini?"

Ulikuwa mkoba wa ukili. Alikuwa anautunza yeye, chini ya mtungi. Nilikuwa nimeusahau kabisa.

#41 Nyuki Dume
Daftari la kwanza la kikundi mnalo bado? Jalada limeandikwa kwa C au kwa K?

#42 Mama Pendo wa Mbagala
Liko kwa katibu. Kesho nalipitia.